Siku Baba Alipokataa Kuwa Mungu

Jumapili, jioni. Mvua haijakatika tangu tutoke kanisani, na stima imepotea mara mbili. Niko na chai na blanketi miguuni, na moyo wangu hautulii.

Atieno alinipigia simu mchana. Hakunisalimia hata. Alisema tu, "Wambo, kama bado wewe ndiye mungu wa mvua, funga kidogo, nguo zangu hazikauki." Tukacheka hadi nikakohoa. Alipokata simu nilibaki nimekaa, kicheko kimeisha, nikiwaza habari ya ule mchezo. Sijawahi kuuandika mahali popote. Wacha niuandike leo.

Ilikuwa miaka ya themanini, kwenye ploti yetu hapa Kabiro. Babu alilima mahindi kwenye shamba hili kabla Kawangware haijawa mji. Baba alipolirithi, akajenga safu ya vyumba vya udongo na mabati, akapangisha. Wapangaji wengi walitoka upande wa Ziwa. Mama Okoth alikuwa mmoja wao. Aliuza omena, wale dagaa wa kwao, sokoni, na aliishi chumba cha mwisho na watoto wake wawili, Okoth na Atieno. Atieno na mimi tulikuwa wa rika moja, tumemaliza shule, hatuna kazi.

Okoth alikuwa na kazi Industrial Area hadi mashine ilipomsaga mguu. Akaletwa nyumbani na plasta mpaka kwenye paja, akalazwa kitandani miezi mingi. Mtu aliyezoea kutembea mpaka kazini kila asubuhi, sasa dunia yake ilikuwa dari ya mabati na mlango.

Akabuni mchezo.

Alituambia kuna mji mdogo kando ya mto. Watu wake ni watu wa kawaida, wanaamka, wanapika, wanagombana kwa sababu ya kuku. Sisi ni miungu tumeshuka kuishi kati yao. Kila mungu ana uwezo mmoja tu, na hakuna binadamu anayejua yeye ni nani. Atieno alikuwa mungu wa usingizi, na mle mjini alikuwa msusi. Mutiso, fundi viatu wa chumba cha jirani, alikuwa mungu wa moto na alichoma mahindi barabarani. Mimi nilikuwa wa mvua, nikiuza mboga. Okoth ndiye aliyekuwa watu wote wengine. Ukitumia uwezo wako, alirusha dadu ya ludo, akaisoma, halafu akakuambia watu wamefanya nini.

Sheria kubwa ilikuwa moja. Mungu anaweza kugusa kitu chochote, lakini hawezi kuugeuza moyo wa mtu.

Mwanzoni nilidhani ni mchezo rahisi. Nilinyesha mvua ili mahindi ya watu yaote, Okoth akarusha dadu, akasema mahindi yameota vizuri, na nyumba mbili za kando ya mto zimebomoka. Nikajaribu kurekebisha, nikaharibu zaidi. Atieno alimlaza mlevi mmoja ili asimpige mke wake, na mke akaamka akidhani mume amekufa. Kila Jumapili baada ya kanisa tulijazana kwenye kile chumba, mlango wazi, Mama Okoth akichambua omena kwenye ungo na kujifanya hasikilizi.

Ningependa kusema tulikuwa tunacheza tu. Lakini mwezi ule Baba alikuwa ametangaza kwamba vyumba vya udongo vitabomolewa, ajenge vya mawe. Alimtuma keateka, yule mtunza ploti wake, kuwaambia wapangaji. Hakuna aliyelitaja jambo hilo tukicheza. Nilikuwa binti wa mwenye ploti, nimekaa kwenye kitanda cha mtu ambaye babangu anamhamisha. Walinipa chai kama kawaida.

Jumapili moja Baba mwenyewe akatokea mlangoni.

Alikuwa bado amevaa koti la kanisa, kofia mkononi. Kuna mama alikuwa amemwambia kwamba binti wa mzee wa kanisa anaabudu miungu na wapangaji. Nilimwona anavyoangalia ile dadu juu ya blanketi.

"Ni miungu gani hii naambiwa mnaabudu hapa?"

"Hatuabudu, Mzee," Okoth akasema. "Tunaigiza. Karibu kiti."

Baba hakukaa. Mama Okoth akamwekea kikombe cha chai mkononi bila kumuuliza, na mtu hawezi kunywa chai ya mwenyeji wake akiwa amesimama mlangoni. Akakaa. Okoth akamweleza mchezo taratibu, kama anaeleza njia ya kwenda mahali. Kisha akamuuliza angependa kuwa mungu gani.

"Mimi ni mzee wa kanisa, kijana. Siwezi kuitwa mungu, hata kwa mchezo."

"Basi kuwa mtu."

"Mtu gani?"

Okoth aliifunika dadu kwa kiganja. Hakuirusha. "Kuna mama mjane kando ya mto, anaitwa Sabina. Mimi naongea kwa niaba ya watu wote, na yeye sijawahi kumpatia nafasi. Mzee anaweza kumsemea."

Nilidhani Baba atanyanyuka. Alikunywa chai, akasema, "Haya. Sabina anataka nini?"

"Sabina hajaulizwa bado," Okoth akajibu. Akanigeukia mimi.

Ilikuwa zamu yangu, na nilikuwa na mpango. Niliona mto utafurika siku moja, kwa hivyo nilitaka watu wote wa kando ya mto wapande mlimani. Nia yangu ilikuwa njema kabisa. Nikamwendea Sabina kama muuza mboga, nikamwambia ahame, mvua kubwa inakuja, huko juu kuna usalama.

Baba akaniangalia. Sijui niseme vipi. Aliniangalia kama mtu asiyenijua.

"Wewe mwenye mboga, nani alikutuma?"

"Hakuna. Nakuonea huruma tu."

"Huko juu nani ananijua?" Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, hakuiigiza ya kike wala nini. "Nikiwa mgonjwa usiku, nitagonga mlango wa nani? Hapa nikikohoa tu, jirani anaitika."

Nikasema atapata majirani wapya.

"Na maji nitachota wapi? Na kuku wangu? Na huyu mtoto wangu ambaye hawezi kutembea, nani atambeba?"

Sabina hakuwa na mtoto. Okoth hakuwa amesema habari ya mtoto yeyote.

Mama Okoth aliacha kuchambua omena. Atieno aliinamisha uso. Nje watoto walikuwa wanapiga kelele na mpira wa makaratasi. Nadhani Baba naye alisikia alichosema wakati huohuo, kwa sababu alikitazama kile kikombe chake kwa muda mrefu.

Okoth alituokoa sote kwa kuuliza, polepole, "Sabina anasema aje?"

"Anasema haendi," Baba akajibu. "Si kwamba hataki kabisa. Lakini haendi kwa kuambiwa na mtu wa njiani. Mwenye kumtaka ahame aje mwenyewe, akae, amuulize ni lini ataweza."

Akamaliza chai. Akamshukuru Mama Okoth, akavaa kofia, na mlangoni akaniambia nisikawie. Habari ya kuabudu miungu hakuigusa tena, siku hiyo wala siku nyingine.

Ningependa kuandika kwamba alibadilisha nia. Hakubadilisha. Nilimlilia nikimwomba aache vile vyumba, akaniambia, "Wambo, ule udongo umeoza. Utaangukia mtu amelala, halafu utanililia tena." Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Lakini wiki hiyo hakumtuma keateka. Alipita mlango kwa mlango mwenyewe, akiinama kuingia, akikaa mahali alipoonyeshwa. Wengine walimwambia mwisho wa mwezi. Mama mmoja alimwambia shule zikifungwa. Mama Okoth alimwambia, "Okoth akiweza kukanyaga chini." Baba akasema sawa.

Kwa hivyo safu nzima ikabomolewa, na chumba kimoja kikabaki kimesimama peke yake katikati ya mawe na mchanga. Mafundi walikizunguka. Walilalamika, Baba akawaambia wazunguke tu. Mvua ya masika ikapita juu yake. Tuliendelea kucheza mle ndani, vumbi la saruji likituingia kwenye chai, na Mutiso alikuwa anatoka Kangemi alikohamia ili asikose zamu yake.

Siku Okoth alipotembea na mkongojo mpaka kwenye bomba na kurudi, Mama Okoth alianza kufunga vyombo. Kodi ya vyumba vya mawe hawangeiweza. Walihamia Kibera, Sarang'ombe, na Baba aliwapeleka na pikapu yake, akiendesha mwenyewe. Hawakuwa marafiki, yeye na Mama Okoth. Lakini Baba alipofariki, aliyekaa karibu na jeneza usiku kucha akiimba nyimbo za kwao ni yule mama. Hakuna aliyemwomba.

Sasa nifike kwa jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu simu ya Atieno.

Mwenye ploti siku hizi ni mimi. Vile vyumba vya mawe vimezeeka, kuta zinatoa maji, na nimekubaliana na kontrakta tujenge ghorofa. Ni uamuzi mzuri. Nimeupima kila upande. Wiki iliyopita niliwatumia wapangaji notisi kwa simu, ujumbe mmoja kwa wote, nikaongeza neno "asanteni" mwishoni. Wengine walijibu "sawa". Wengine hawakujibu, nami nikaona hiyo pia ni sawa.

Leo mchana nimejaribu kukumbuka majina ya watoto wa wapangaji wangu. Nimekumbuka la mmoja, kwa sababu anapenda kulia.

Kesho asubuhi, mvua ikiwepo au isiwepo, nitagonga mlango wa kwanza. Nitakaa pale nitakapoonyeshwa. Nitauliza, halafu nitanyamaza nisikie.

Na mtu akiniambia haendi?

Sijui. Kweli sijui. Lakini afadhali aniambie nikiwa nimekaa mbele yake.