Mate ya Fundi Viatu Jukwaani

"Umemtemea mama yangu mdomoni, mchafu wewe!"

Shoga, huyo ni msusi, anamfokea jirani yake fundi viatu hapa koridoni.

Jana fundi alipewa nafasi ya kuimba kabla ya bendi yenyewe kwenye tamasha la roki. Kaalika jengo zima! Kasukutua maji, akayapuliza kwa watu wa mbele. Mama wa watu alikuwa anamshangilia, kinywa wazi. Yakamwingia. Yakamwingia, shoga! Ya kusukutulia! Ptuu!

Msusi anataka mama yake aombwe radhi. Fundi anacheka tu: "Roki ndivyo ilivyo, dada."

Mara mama katoka na sufuria. Kaonja mchuzi, kaulamba mwiko pande zote, kaurudisha, kakoroga taratibu.

Kamgeukia fundi: "Ingia ule, mwanangu."