Cheo Nilichompa Shangazi

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie maana mwenzio yamenifika shingoni. Nakuandikia nikiwa stoo, juu ya gunia la unga, kwa sababu kwenye meza yangu amekaa shangazi. Mimi ni msimamizi wa kiwanda kidogo cha mikate na huyu shangazi ndiye aliyenilea, ndiye aliyeniombea kazi hapa, alikuwa mkandaji hodari kuliko wote, sasa mwaka huu macho yamepungua nguvu, akawa hasomi mizani, mikate ikatoka na chumvi mpaka wateja wakairudisha, na mimi nitamwambiaje mtu aliyenifuta kamasi kwamba asiguse tena unga? Nikajiona mjanja. Nikamtungia cheo, Mshauri Mkuu wa Uzalishaji, nikamwambia umepanda shangazi, sasa pumzika, akapigiwa makofi, akalia, nami nikalia.

Kumbe mwenzangu amekiamini. Nikisema tuanze na mikate mikubwa, nikigeuka tu yeye anasema midogo kwanza, mpaka mwokaji wetu, tunayemwita Jivu, akaniuliza mbele za watu, "Bosi, tumsikilize nani? Maana mkuu ni yeye, na cheo si umempa mwenyewe?" Nikajifanya naitwa stoo. Juzi Jivu alikuwa anaingiza trei kwa amri yangu, binti mmoja anazitoa kwa amri ya shangazi, wakagongana mlangoni mwa tanuri, binti akaungua mkono. Sasa mwenye kiwanda amesema akija Ijumaa akute mkubwa mmoja tu, nichague mwenyewe nani abaki. Nikimtoa shangazi ukoo utanitenga, nikitoka mimi watoto watakula nini? Nifanyeje?

Msimamizi wa Stoo

*

Msimamizi, pole. Na huyo binti mpelekee pole yangu, maana yeye ndiye aliyeungua kwa ajili ya aibu yako, na umemtaja kwa mstari mmoja.

Wewe unaiita heshima. Heshima gani ya kumpandisha mtu cheo ili asiguse kitu? Mtu mzima mwenye akili zake ukimpa ukuu usio na kazi, ataitafuta kazi mwenyewe. Ulitaka akae akihesabu mbao za dari? Hajakuingilia, kwa sababu hujawahi kumwonyesha mpaka uko wapi. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini hapa namwona fahali mmoja tu, mwingine yuko stoo anaandika barua.

Najua inauma. Ila jiulize: mikate ile ya chumvi, unadhani mkandaji wa miaka yote hiyo hakuionja? Naapa aliionja. Alihitaji mtu wake wa karibu amwambie bila kumdharau, mkampigia makofi.

Basi usingoje Ijumaa. Nenda kwake nyumbani, si kazini, umwambie, "Shangazi, nilikudanganya. Cheo kile nilikitunga kwa woga." Atawaka. Vumilia, usijitetee. Kisha mpe kazi ya kweli, maana ulimi wake haujazeeka: mkate usitoke kiwandani kabla hajauonja, na akisema huu hautoki, hautoki, hata ukibisha wewe. Tanuri, zamu na nani aanze nini ni vyako, na hapo hata yeye akuulize kwanza. Halafu simameni wote wawili mbele ya wafanyakazi, kila mmoja aseme lake kwa mdomo wake, Jivu asikie. Mwenye kiwanda naye mweleze hivyo hivyo. Anachotaka ni amri moja kwenye tanuri, na ataipata.

Na shangazi akiikataa kazi hiyo? Ataondoka, utalia, na ukoo utasema mpaka uchoke. Lakini ataondoka akiwa ameambiwa ukweli na mtoto aliyemlea, na hilo bado hujampa.