Neno Lililokuwa Likimkalisha Mama Chini

Jumamosi, Mikumi. Mvua ya alasiri imekatika, lami inafuka mvuke.

Mama yupo Mikumi. Naandika tena ili niamini: mama yupo Mikumi, kwa mdogo wangu Neema, amempakata mjukuu wake wa kwanza.

Tangu baba afariki hakuwahi kupanda basi. Ilikuwa miaka ile mabasi ya watu binafsi yalipoanza kukimbizana barabarani. Mama alimsindikiza baba stendi ya Kilosa, basi likaondoka, mgongoni limeandikwa TUTAONANA. Halikufika. Tangu hapo, akiliona neno hilo kwenye basi au lori, anakaa chini popote alipo. Tulimwambia asitazame. Lakini mtu akishajua kusoma, jicho halimngoji, linasoma tu.

Binamu yetu Rehema anasomea saikolojia chuoni. Juzi alikuja likizo, akasema wapo watu ambao akili ikitulizwa sana, wakaambiwa maneno ni michoro tu, kule kusoma kwa kujiendea hupungua. Inaitwa hipnosi.

Nilicheka. Mama hakucheka.

Rehema alianza na mimi. Akaandika "nyekundu" kwa wino wa kijani, nitaje rangi ya wino. Nikajikwaa, nikataja neno. Akanituliza, akanisemesha, nikajikwaa vilevile.

Kwa mama alisema taratibu, kama anayebembeleza mtoto: "Shangazi, herufi hizi ni za lugha usiyoijua. Huna haja ya kuzielewa." Kisha akamwonyesha karatasi ya majina ya rangi, kila jina kwa wino usio wake.

"Kijani," mama akasema. "Buluu. Nyekundu." Hakusita hata kidogo.

Baadaye akashtuka. "Mwanangu, hujaninyang'anya kusoma kwangu?"

"Hapana, shangazi. Lile la kwenye magari tu. Ukilitaka, nitakurudishia."

Leo, stendi, lori la magunia lilipita na neno lenyewe mgongoni, kwa rangi ya njano. Nikamshika mama mkono. Alilitazama mpaka likakata kona.

"Njano ile imepauka," akasema, akapanda basi.

Aliyelia ni mimi.

Sijui kama ni hipnosi, au alikuwa akingoja mtu wa kumpa ruhusa. Rehema mwenyewe anasema hajui itadumu muda gani.

Jioni hii mama ametufukuza chumbani, anamwogesha mtoto huku akimwimbia kwa Kikaguru, lugha yetu. Habanduki, anasema, mpaka mtoto atimize arobaini. "Wewe tangulia," ameniambia. "Mikono unayo, utapika."

Kesho narudi Kilosa. Sijawahi kulala katika nyumba ile bila yeye. Nitaweza?