Wateja Wako wa Ghuba

Sidab, Maskati
Septemba 2005

Kwa mdogo wangu Seif,

Assalamu alaikum. Kabla hujaendelea kusoma, kaa kitako, na shemeji Mwanaisha akuletee kahawa. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Nimesikia kwa binti yangu Rahma kuwa shemeji sasa anapimwa sukari na kwamba ameacha haluwa. Mpe pole, nnajua kwake huo ni mtihani mkubwa kuliko saumu. Na paa la nyumba ya mama, bado linavuja upande wa msala, au mmeshaliziba?

Huku sote hatujambo, isipokuwa mimi. Moyo umechoka. Daktari wangu, kijana mpole, alizunguka na maneno mpaka nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Mwanangu, sema tu. Nimesomesha miaka mingi, naujua uso wa mtu anayetafuta neno." Akasema nisiahirishe jambo lolote la maana. Basi siahirishi. Nnakuandikia habari za karakana yako na wateja wako wa Ghuba.

Nianzie mbali kidogo, uone kuwa sijasahau. Ulipotoka chuo cha ufundi uliwakuta Wagiriki wa mashamba ya mkonge wakishindana kwa magari yao ya Kimarekani ya silinda nane, wakitimua vumbi baina ya mistari ya katani. Ulifungua boneti ya gari moja, ukaniita: "Kaka, njoo uone. Mnyama mkubwa namna hii anapumua kwa tundu moja la pua!" Ukachonga kielelezo cha mvule, ukatengeneza kalibu ya mchanga, ukayeyusha pistoni mbovu, na zilipopungua ukachukua sufuria mbili za mama. Ikatoka manifoldi yako ya kwanza, ya kubeba kabureta mbili pale ambapo waliotengeneza gari waliweka moja, ili injini ivute hewa zaidi. Mama alipika kwa jirani siku ile. Alisema, "Sufuria zangu sasa zinakwenda mbio kuliko mwenyewe."

Baadaye ukasubu na vichwa vya injini, na jina ulilolitia juu ya kila kipande, Kasi Tanga, likajulikana mpaka Arusha na Mombasa. Mimi nikaja huku kufundisha Kiingereza. Kisha Wagiriki wakaondoka, petroli ikaadimika, mashindano yakafa, nawe ukabaki na tanuri la moto na hakuna mnunuzi. Nikakutumia pesa. Ulizirudisha kwa mkono wa mtu yule yule niliyempa, na ujumbe juu yake: "Mwambie kaka mimi si yatima. Akitaka kunisaidia aniletee mteja."

Basi nikakuletea mteja. Mteja huyo, Seif, nilikuwa mimi.

Nisikufiche hata kidogo. Mwanzo nilijaribu kwa haki. Nilibeba manifoldi yako moja chini ya kwapa, nikaizungusha kwa mafundi wa Matrah, wakacheka. Nani huku, walisema, atahangaika na injini kuukuu wakati gari mpya za Kijapani zinashuka bandarini kila siku? Nikarudi nyumbani nikakuandikia kuwa zimepata soko. Yule sheikh wa Sohar niliyekutajia kwenye barua hakuwapo. Mzungu wa kampuni ya mafuta hakuwapo. Ndugu wawili wa Nizwa waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya mbio, wale uliopenda sana kuwauliza habari zao, hawakuzaliwa. Kila kreti uliyotuma niliilipia kwa mshahara wangu, nikaisukuma chumba cha nyuma. Marehemu mke wangu alisimama mlangoni siku moja akaniuliza, "Nassor, hivi vyuma vinaliwa?" Nilimwambia ukweli, naye akautunza mpaka kaburini.

Barua zangu zikaanza kufanana. Nikaona mteja asiyelalamika hasadikiki. Nikamfanya sheikh wa Sohar alalamike kuwa gari yake inakohoa akiikanyaga kwenye joto la mchana. Mimi nilikuwa najua nini habari za injini? Kikohozi hicho nilikitoa kwa Rahma, aliyekuwa na kifua wiki ile. Ulinijibu kwa hasira, ukamwita sheikh majina ambayo siyaandiki hapa, kisha ukatupa kielelezo cha zamani na kuchonga kingine tangu mwanzo. Nilipozipokea hizo mpya nilisoma maelezo yako ya kurasa tatu, sikuelewa, nikazipanga juu ya zile nyingine.

Yote hayo ningeweza kuyafanyia mzaha. Hili siwezi. Uliitwa uwe msimamizi wa mafundi kwenye kiwanda cha serikali, kazi yenye nyumba na pensheni. Ukakataa. Uliniandikia, "Nitawaachaje wateja wa Ghuba?" Pale mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Niliogopa kuwa ukijua utafunga karakana, na moyo wako utanifungia mimi. Nikakuagizia sita nyingine. Umezeeka bila pensheni kwa sababu ya watu niliowatunga, na nilipostaafu nikawaondoa mmoja mmoja, sheikh akauza magari, Mzungu akarudi kwao. Ulimsikitikia Mzungu kuliko ulivyonisikitikia mimi. Ukaanza kutengeneza milango ya chuma na majiko, na hukunilaumu hata mara moja.

Sasa sikiliza kilichotokea mwaka huu. Rahma alitaka chumba cha nyuma kisafishwe alale dada anayenihudumia. Akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, na kreti ya kwanza ikaenda kwenye maduka ya vyuma ya Wadi Kabir bila mimi kujua. Haukupita muda akaja kijana mmoja, jina lake Haitham, mhandisi wa wizara huko Al Khuwair. Mama yake mtu wa Unguja, Kiswahili chake safi. Ana gari ya Kimarekani kuukuu kuliko yeye, anaifufua na wenzake kila Ijumaa. Alikuwa ameishika mikononi manifoldi yako, aliyoikuta kwa mnunuzi yule, kama mtu aliyeokota mtoto.

"Babu, hii Kasi Tanga ni nani?"

"Ni mdogo wangu."

"Una ngapi?"

Nikamwonesha chumba. Aliingia, akakaa chini juu ya vumbi na kanzu yake nyeupe, akazitoa moja moja. Nilimwacha humo mpaka alasiri. Alipotoka alikuwa na mbili, moja ya zamani na moja ya baadaye.

"Hii nzuri, Babu. Lakini hii nyingine habari yake mbali kabisa. Tia kidole ndani. Njia zimepinda taratibu, kila silinda inapata sehemu yake sawa. Kwa nini aligeuza?"

Nikasema, "Kuna mteja alilalamika."

"Basi huyo mteja alikuwa bingwa wa injini, wallahi!"

Nilijikohoza, Seif, nisicheke mbele ya mgeni.

Akaifunga kwenye gari yake, akaja kunichukua. Rahma akasimama mlangoni kugomba: "Haitham, baba ana moyo mbovu!" Naye: "Khalati, mama mdogo, ntakwenda polepole." Hakwenda polepole. Tulipofika barabara kubwa ya Qurum aliikanyaga, na injini ikavuta pumzi moja ndefu, hata mgongo wangu ukaingia ndani ya kiti. Nimelipia vyuma vile sehemu kubwa ya umri wangu, na ile ilikuwa mara ya kwanza kukisikia kimoja kikifanya kazi. Machozi yakanitoka. Haitham akapunguza mwendo.

"Babu, unaumwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Kanyaga."

Hapo ndipo nilipojua kuwa nna ungamo la pili, na ni zito kuliko la kwanza. Miaka yote nilikupenda, lakini sikukuamini. Nilinunua kazi yako kama mtu anunuavyo kikapu kwa kipofu njiani, bila kukitazama. Sikuwahi kujiuliza kama ni nzuri. Ni nzuri, mdogo wangu. Nimeisikia kwa mgongo wangu.

Tangu siku ile nnalala. Sijui kama daktari atakubali, lakini kifua kimekuwa chepesi, na chakula kimerudi kuwa na ladha.

Haitham anakuja Tanga baada ya Idi. Anataka kuandika historia ya Kasi Tanga ili wapenzi wa magari hayo waisome kwenye mtandao, na kuuliza kama kielelezo chako cha pili kipo bado, kwani yeye na wenzake wanataka nyingine. Hao nimewaona, wana mikono na miguu. Atakuuliza pia wateja wako wa huku walikuwa akina nani. Aliniuliza mimi, nikamwambia amuulize mwenye karakana. Sikutaka uupate ukweli mdomoni mwa mgeni, ndiyo sababu barua hii inamtangulia. Jibu ni lako. Ukimwambia sheikh wa Sohar alikuwa mtu wa kweli, mimi sitakukanusha, hai wala maiti. Ukimwambia kaka yako alikuwa mwongo, nimeridhika, andikeni.

Nnaomba unihalalishie na unisamehe. Ukiweza, piga simu umwambie Rahma neno moja tu, ataniletea. Ukiwa bado una hasira, mwambie hivyo hivyo, nayo nitaipokea.

Nisalimie shemeji Mwanaisha. Nisalimie mwanao Hamad, fundi wa milango, na mkewe aliyenitumia achari ya ndimu, imekwisha. Mfikishie salamu dada yetu Bi Zuhura, na umwambie nimemsamehe ile redio. Shangazi Mwanakombo, kama bado anasikia, mpigie kelele kwamba nampenda.

Kaka yako, na mteja wako,

Nassor