Kaka Afichwe Siku ya Kukata Karoti?

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nina miaka kumi na sita, ninasoma hapa mjini Margilan, na naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana jioni hiyo wanaume wa mtaa wanakuja kwetu kukata karoti za pilau ya harusi ya dada yangu, na sote tuna furaha isipokuwa kaka yangu Ravshan, ambaye alimaliza uhandisi miaka miwili iliyopita na hajapata kazi, na sasa analala hadi mchana, hanyoi ndevu, na chakula anakula peke yake. Zamani hakuna aliyekata karoti nyembamba kama zake. Lakini walipokata karoti za harusi ya jirani, Mzee Tolib wa mtaani kwetu alimwambia mbele ya watu, "Haya injinia, daraja letu liko wapi, au unalijenga kwa karoti?" Watu wakacheka, kaka akaweka kisu chini akaondoka, na tangu hapo hatoki nyumbani. Sasa Mama anataka akae kwa shangazi hadi harusi ipite, nami niwaambie wageni amepata kazi mji mkuu, Tashkent. Kaka hakukataa. Alisema tu, "Sawa, Oydin. Nisipokuwepo mtapumua." Nikamtania kwamba bila yeye tutakula pilau yenye karoti nene kama kuni, akatabasamu kidogo. Je, nidanganye?

Oydin

Oydin mwanangu,

Marahaba. Usidanganye. Mama yako anamlinda mwanawe, namwelewa, lakini anakosea. Ukimficha mtu unamwambia yeye ni aibu, naye Ravshan tayari anajiambia hivyo kila anapoamka. Huo si uvivu. Anaugua huzuni, na huzuni inatibika.

Na wewe, neno kama "mtapumua" halijibiwi kwa utani tu. Mwambie baba yako leo. Amuulize Ravshan waziwazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akisema hapana, bado amwone daktari wiki hii, na baba aende naye.

Mzee Tolib mwachieni baba. Amwambie, "Karibu Alhamisi, ila swali la kazi uliache mlangoni pamoja na viatu."

Tabasamu lile uliliona, nami nalitegemea. Kata karoti moja kwa mkono wako, vibaya hivyohivyo, umpelekee kaka yako umuulize kama atakubali dada yenu aolewe kwa pilau ya karoti kama hizi. Kisha nyamaza. Alhamisi, kando ya baba, mwekeeni mahali pa kukaa.