Zawadi ya Kampuni

Mweiga, Ijumaa, 12 Juni 1998

Na leo kwenye sherehe ya shule wazazi wakapiga makofi. Kampuni moja ya kompyuta imetupatia programu zake bure kwa kompyuta zote za shule.

Nilimwambia mwalimu mkuu niko na CD ya programu nyingine, ambayo wanafunzi wanaweza kuifungua waone ilivyoundwa, wainakili, waende nayo. Akanong'ona, "Mwalimu, ati unataka kutuaibisha mbele ya wageni?"

Zamani baba alipewa ng'ombe wa jirani amfugie. Maziwa tulikunywa sisi, lakini kila ndama alirudi kwa mwenyewe.

Hapa ndama ni wanafunzi wangu. Watamaliza shule wakijua programu za kampuni hiyo tu, na kila ofisi itakayowaajiri italazimika kuzinunua.

Na ni mimi niliyewapanga mstari waimbe asante.