Aliyekuwa Akipiga Simu Alfajiri

Ndia Kuu, Mombasa

Dada yangu Zuhura,

Baada ya salamu, natumai goti limepoa na wajukuu hawakuchoshi. Mimi kifua kimebana tena, na daktari siku hizi hanitazami usoni. Ndiyo maana naandika maadamu mkono wanitii.

Ni habari ya zile simu za alfajiri. Wawaambia watu kwamba ni mwanao Salim apigaye, na kelele zile ni za redio ya meli. Kwa hiyo hutaki asomewe khitma, ingawa wenzake walimzika ugenini kwa mikono yao. Dada, aliyekuwa akipiga ni mimi.

Binti yangu aliye Kanada huandika barua pepe tu. Jirani muuza vinyago akaniuzia kompyuta kuukuu yenye Linux. "Chukua, mzee, hii ni ya wasomi. Mimi imenishinda," akacheka. Ni kioo cheusi, nawe waandika amri. Kitabu kilisema nijaribu kwanza modemu, kijisanduku kinachoiunganisha na waya wa simu, kwa namba ninayoijua. Nikaandika yako. Kisha nikaiamuru ipige yenyewe kila baada ya swala ya alfajiri, iniletee barua za binti, nikasahau kuweka namba ya kampuni ya mtandao mahali pa yako.

Ikapiga mluzi, ikakwaruza, halafu ndani ya kile kijisanduku ikatoka sauti yako: "Salim? Umekula, baba?"

Ningeweza kusahihisha siku ile ile. Sikusahihisha. Naishi peke yangu, nawe ulikuwa ukimsimulia habari za nyumbani, za mama, za kisima chetu. Nikawa naamka mapema nikae karibu. Ukimwita, mimi nanyamaza. Nisamehe.

Alhamisi iliyopita niling'oa waya ukutani. Nilikusudia barua iishie hapa.

Lakini leo imefika yako. Wasema simu ililia tena Ijumaa, na safari hii hapakuwa na kelele, ila mtu akipumua. Nimeutazama waya. Ungali sakafuni. Sikuja kuungama nusu, basi nakwambia: hiyo haikuwa yangu.

Nisalimie shemeji, na mwalimu wetu wa chuoni kama angali hai. Mwombe yeye aisome khitma. Isomwe hata hivyo. Na simu ikilia, pokea. Mwambie mjomba wake yu njiani.

Nduguyo,
Athmani